Mikono, Kesho

Asubuhi ile kule Pweto, mji wetu wa ziwani, mama alikuwa ameketi kando ya vichanja vyake vya samaki, jua likimpiga begani, na baba anamchora kwa mara ya ngapi sijui. Baba yangu alipata riziki kwa kuandika majina ya maduka na saluni. Wachoraji wenzake walichora ndani, kwa kukumbuka tu. Yeye alitutoa nje sisi wa nyumbani, akatuketisha juani na kutuchora tulivyo: mama na samaki wake, mimi Bijou na nguo za kuanika. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Mimi nilimwona mtu mkubwa, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Kilichowashinda watu zaidi ni vivuli. Baba hakuwahi kuchora kivuli cheusi.

"Papa Bijou," mama alisema siku hiyo, akijitazama kwenye kitambaa cha mfuko wa unga kilichowambwa kwenye fremu, "mbona shingo yangu iko bleu?"

"Ile njo kivuli. Kivuli haiko nyeusi. Angalia muzuri."

"Kunguru inakula samaki yangu, weye unaangalia kivuli!"

Lakini hakuinuka. Mama alipenda sana kuchorwa, ila kukiri asingekiri.

Uso ulikwisha, ukatoka mzuri ajabu. Ilibaki mikono. Baba aliiogopa mikono kuliko kitu chochote, na kawaida yake ilikuwa kuiacha mpaka siku ya pili, jicho likiwa limepumzika. Akafuta brashi zake.

"Mikono, kesho," akasema, kama alivyosema kila mara.

Vita tulikuwa tumevisikia muda mrefu, watu wakipita na magodoro kichwani, nasi tukijipa moyo kwamba vitaishia hukohuko. Mchana ule mabomu yalilia karibu, na mji mzima ukaingia barabarani.

Mama alifunga unga, chumvi na sufuria. Baba aliziacha picha zote za zamani ukutani. Ile ya asubuhi hakutaka kuiacha, na kuikunja haikuwezekana kwa sababu rangi ya mafuta ilikuwa bado mbichi. Nilingoja mama amgombeze. Badala yake alijitwika mzigo wake, akashika upande wa pili wa fremu kwa mikono miwili. Rangi ikamchafua vidole. Wakatembea hivyo, picha katikati yao ikitazama mbingu, kama watu waliobeba meza. Vumbi likaingia kwenye rangi. Mbegu za majani zikanasa.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitusimamisha. Kidole chake kilikuwa kwenye bunduki.

"Hii iko nini?"

"Iko bibi yangu, chef. Huyu hapa."

Akamtazama mama, akaitazama picha.

"Na mikono yake iko wapi?"

"Kesho," baba akajibu.

Askari akacheka. Tukapita.

Hatukufika mbali. Risasi zilitoka majanini.

Mama alipiga magoti.

Aliuteremsha upande wake wa picha polepole, rangi ikiwa juu, kisha akalala kando yake.

Tulimzika pembeni mwa barabara kwa jembe la watu tusiowajua. Zaidi ya hapo siandiki, inaniuma bado. Baba aliibeba picha peke yake, ameiegemeza kichwani, mpaka tulipopata lori la kutuleta Lubumbashi.

Sasa tuko Ruashi, hapahapa Lubumbashi. Baba amezeeka, miguu inamsumbua, lakini jua likitoka utamkuta uani, wajukuu wamepangwa mbele yake wakilalamika, naye anatafuta bluu kwenye vivuli vyao. Ninamstaajabia. Mtu aliyeona aliyoyaona angeweza kuuchukia mwanga wa mchana.

Juzi binti yangu Nadège, anayejifunza uchoraji, aliiteremsha ile picha ukutani, akamwambia babu yake:

"Kambo, niache nisafishe hizi vumbi. Na mikono, nitakumalizia."

Nilishtuka. Hatuna picha nyingine ya mama, na rangi ile ikiguswa vibaya haitarudi. Baba hakukasirika. Alimvuta mjukuu wake mpaka ukingoni mwa picha, penye mashimo mawili madogo yaliyokauka ndani ya rangi, pale mama alipobana vidole gumba.

"Mikono yake njo hii," akasema.

Nadège akairudisha picha mahali pake, na vumbi lake.

Vita vilituchukulia mama, nyumba, na kila picha iliyokuwa imekauka. Kilichobaki siwezi kukiita faida. Kidole gumba changu kinaenea sawasawa katika shimo la kushoto. Nimejaribu mara moja tu, baba akiwa nje anachora.