Siku Nywele Zangu Zilipopelekwa Mahakamani

Harufu ya mafuta ya nazi siipendi mpaka leo. Binti yangu akifungua tu kichupa, mimi tayari nina miaka tisa, niko uani kwenye nyumba hiihii ya Musoma, nimebanwa katikati ya magoti ya mama, naye anafumua misuko yangu ya twende kilioni kwa hasira kana kwamba nywele ndizo zilizomuua baba.

Nisiwafiche, nilishangaa. Mama alikuwaga hataki kabisa nywele zangu zionekane. Kila Jumapili alinisuka, akikaza mpaka macho yanavutika, ili niende shule nikifanana na wenzangu. Babu mzaa baba alikuwa Mhindi aliyefungua duka Nyamuswa, akazaa na bibi, mwanamke wa Kizanaki wa Butiama, kisha akaondoka zake. Nywele zake baba alizirithi, na mimi nikazirithi. Asubuhi ile mama akazipaka mafuta, akazichana zikalala mgongoni.

"Leo ziache hivyohivyo," alisema. "Hakimu azione."

Baba alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na baba mkubwa, kaka yake kwa mama mmoja, alikuwa anaitaka nyumba yetu. Alidai marehemu alikuwa mtu wa ukoo, basi mirathi iende kwa sheria za kimila. Kwa sheria hizo mjane harithi, na mali ya mtoto wa kike inashikwa na ukoo. Mama arudi kwao mikono mitupu, mimi nikalelewe Butiama kwa baba mkubwa. Kutengana na mama!

Kwenye benchi la mahakama tuliwakuta jirani zetu, Mama Wegesa na binti yake. Mume wa Mama Wegesa alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, amefariki mwaka uleule, na shemeji zake walikuwa wanaitaka nyumba yake kama yetu ilivyokuwa inatakiwa. Wegesa alikuwa rafiki yangu, tena wa pekee. Alinimegea andazi, tukala.

Baba mkubwa alisimama na kofia mkononi. Alisema ndugu yake alikuwa Mzanaki kamili, alitahiriwa pamoja nao, alikula ugali wa mtama sahani moja nao, akazikwa Butiama. Yote kweli. Lakini jamani, huyuhuyu ndiye aliyekuwa akimwita baba "Mhindi" mbele za watu, na siku baba alipoomba kiwanja cha kujenga kwao, alimwambia akaombe kwa babake India. Amekufa, ndio akawa Mzanaki!

Zamu ya mama ikafika. "Mheshimiwa, mume wangu hakuwa Mwafrika," alisema. Mama yuleyule aliyenichapa kwa mwiko niliposema mimi siyo Mzanaki. Nilimchukia, niwaambie ukweli. Nilimwona kama anamfukua baba na kumtupa nje ya makaburi ya kwao.

Kisha hakimu akaniita mbele. Aliniangalia nywele, akaangalia karatasi zake, akaniangalia tena.

"Binti, shuleni wenzako wanakuitaje?"

Jina hilo sikuwahi kumwambia mama, nililimeza kila siku na uji wa asubuhi.

"Si wanakuitaga Nyangeta, mwanangu?" baba mkubwa aliropoka. Nyangeta ni jina langu la ukoo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Hakimu akagonga meza, akamwambia anyamaze.

Nilijua ninaulizwa kitu kikubwa, ila sikujua jibu lipi linaokoa na lipi linaua. Nikasema lililokuwepo.

"Wananiitaga Mhindi koko."

Chumba kizima kikacheka. Hakimu hakucheka, aliandika. Mama alijifunika uso kwa kanga, na Wegesa peke yake ndiye aliyeangalia chini, maana yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

Wiki tatu baadaye tulirudi kusikia hukumu. Hakimu alisema marehemu, kwa asili yake na kwa jinsi watu walivyomchukulia, hakuwa mtu wa jamii inayofuata mila. Mirathi yake itafuata sheria ya zamani iliyoletwa toka India enzi za mkoloni, na humo mjane anarithi, na mtoto wa kike anarithi. Mama alipiga magoti palepale. Nyumba ikawa yetu.

Kesi iliyofuata ilikuwa ya Mama Wegesa. Haikuchukua muda. Mwafrika, mume Mwafrika, mila itumike. Akapewa siku thelathini atoke.

Wegesa alinifuata nje bombani. "Nyie mmepataje?" aliuliza. Hakuuliza kwa wivu, alitaka tu kujua, labda akamweleze mama yake.

Nami, kwa maringo ya mtoto aliyechekwa miaka yote, nikazirusha nywele zangu nyuma nikamjibu, "Sisi siyo watu wa kimila kama nyie."

Aliniangalia, akaenda kumpokea mama yake mkoba. Wakahamia Bunda, na sikumwona tena.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa. Hakimu hakuuliza nani alifyatua matofali ya nyumba hizi mbili, wala nani alimuuguza marehemu. Aliuliza ni watu wa rangi gani. Tusi lililoniliza shuleni likanipa nyumba, na Wegesa, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwao si hapa, akafukuzwa hapa.

Nikifungua dirisha la jikoni naiona nyumba yao, wanakaa wapangaji. Hukumu ile aliisoma hakimu. Lakini aliyemtafsiria Wegesa, tena kwa kujivuna, ni mimi.