Amri Ambayo Papa Hakuitoa

Filimbi ya Papa, baba yetu, ilisikika kabla sijafumbua macho. Kila asubuhi ilitutoa kitandani sisi watoto watatu, tukapanga mstari uani, katika mtaa wetu wa Naviundu, vumbi jekundu likiwa bado baridi chini ya nyayo. Papa hakuwahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa mwalimu wa historia. Alituita mmoja mmoja, kisha somo likaanza: Waluba walipata ufalme kwa sababu wawindaji wao walijua kutii; Wayeke walikuja wachache, na bunduki, wakaitawala shaba ya wengi. Kutii, kuvumilia njaa, kutolia: hayo, alisema, ndiyo matofali ya dola.

"Na bukari?" Mama aliuliza siku moja kutoka jikoni, akisonga ugali. "Hao baaskari, nani alikuwa anabapikia?"

Tulicheka. Papa hakucheka. Mimi niliyapenda mno masomo yale. Mikuki iling'aa katika kila sentensi, wala sikuuliza vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya nani.

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya, hakuuliza pia. Mwaka jana, akiwa na miaka ishirini, alijiandikisha jeshini kwenda kupigana vita vya mashariki mwa nchi. Alituambia asubuhi ya kuondoka, begi likiwa tayari begani.

"Utakufa bure," Papa alisema, kwa sauti ndogo nisiyoijua.

"Papa, si weye ulitufundisha inchi inajengwa na bantu ba kukufa?"

"Ile ilikuwa historia! Ilikuwa ya kusoma!"

"Mwalimu," Mama alisema kwa uchungu, "leo mutoto amefaulu. Umupatie pointi yake."

Yaya akasimama wima mbele ya Papa, visigino pamoja. Nyumbani kwetu hakuna aliyetoka mstarini kabla Papa hajatoa amri ya kutawanyika, "Rompez". Papa aliliona hilo, na uso wake ukapata tumaini la aibu. Akafunga mdomo. Aliamini kwamba asipoitoa amri, mwanawe hataondoka.

Tulingoja. Jasho lilimtiririka yaya shingoni. Ningeweza kusema neno, nami nilikaa kimya, mtiifu hadi mwisho.

"Papa," yaya alisema hatimaye, "niko na mukubwa mwengine sasa."

Akamkumbatia Mama. Akampita Papa bila kumgusa, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.