Nilipokuwa Kichwa

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya kuchua, huwajibu kwamba ni mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa. Juzi tu nimebeba karanga kutoka shambani Misunkumilo mpaka nyumbani bila kupumzika. Nadanganya kwa sababu jibu lenyewe linanitia aibu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi bado naitembea, na umri huu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Upande wa kwenda Ilembo palikuwa na kituo kidogo cha kuchua na kunyoosha viungo, nyumba ya matofali ya kuchoma, chini ya Sista mmoja aliyeisomea kazi hiyo ng'ambo. Waliokuja kwetu ni watu ambao walishaambiwa hospitali kwamba mfupa umeunga, nendeni nyumbani, kumbe mkono haupandi au goti halikunji. Walilala hapohapo wiki mbili, wakachuliwa asubuhi na jioni, na kila mmoja alipewa watu watatu ambao hawakubadilishwa mpaka siku ya kuondoka.

Hatukuruhusiwa kumwita mtu mgonjwa. Tulimwita mwenyeji. Mwili ni nyumba yake, Sista alisema, nyie ni wageni, na mgeni hapangi vyombo vya watu. Kabla ya kuweka mkono mahali popote ulibisha hodi, kwa sauti, ukangoja mwenyewe aseme karibu. Siku ya kwanza niliposikia hayo nilicheka mpaka nikatolewa nje. Mtu mzima na akili zake analibishia hodi bega! Lakini baada ya miezi miwili nilikuwa nayaamini kuliko katekisimu.

Sisi watatu tuligawana nafasi. Wa mikono ndiye aliyechua pale penye tatizo. Wa miguu alishika nyayo, akazipasha joto kwa taulo lililochovywa maji moto, kwa sababu mtu akishikwa vizuri miguu hujiona yuko salama. Na wa kichwa aliketi kichwani pa kitanda, akakipakata kichwa cha mwenyeji viganjani, akautazama uso. Kichwa peke yake ndiye aliyeongea na mwenyeji. Wa mikono akitaka kujua kama aendelee, hakumuuliza mwenyeji, aliniuliza mimi, "Anasemaje?" Nikisema endelea, anaendelea. Nikisema basi, anaondoa mikono hapohapo, hata kama alikuwa amebakiza kidogo tu bega liachie. Sista alieleza sababu: watu watatu wakimsemesha mtu aliyelala chali, atawakubalia wote ili wamwache.

Mimi nilikuwa kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Ufipa miaka miwili nyuma, na nilijiona. Wa mikono wetu alikuwa kijana aliyezaliwa kwenye makazi ya Katumba, wazazi wake walitoka Burundi. Mpole, mrefu, na vidole vyake vilisikia fundo la msuli kabla hata mwenyewe hajalionyesha. Wa miguu alikuwa mama mmoja wa Karema, mtu wa kunyamaza. Tulifanya kazi pamoja vizuri mno. Ilifika mahali tukawa tunapumua pamoja bila kupanga.

Basi siku moja akaletwa mama wa Kisukuma kutoka mbele ya Kakese, ambako jamaa zake walikuwa wamehamia na ng'ombe. Alikuwa ameanguka kwenye mkokoteni mavuno yaliyopita, na bega la kulia lilikuwa limeganda. Mwanawe mkubwa alimtafsiria. Kwa kawaida siku ya kwanza hatugusi kitu. Sista anauliza swali moja tu: unataka mwili wako uweze kufanya nini? Wengine husema kulima, wengine kupanda baiskeli. Yule mama alitazama chini, akasema maneno machache. Mwanawe akaona haya kuyatafsiri, ila akasema: anataka kujifunga kitenge mwenyewe. Tangu aumie, anafungwa na mkamwana.

Asiyejua ukweni anaweza kudhani ni jambo dogo. Mama mkwe kusimama mbele ya mke wa mwanawe kila asubuhi, mikono chini, avalishwe kama mtoto! Tulimwelewa sote. Mama wa Karema alisema "maskini," na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mwana alitakiwa kurudi kwenye ng'ombe siku ileile. Sista akatugeukia. "Nani kati yenu anajua Kisukuma? Kama hakuna, nitatafuta mtu wa kukaa na kichwa."

Kukaa na kichwa! Mtu mwingine akae kwenye nafasi yangu, asikie kabla yangu! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. "Mimi najua, Sista." Nilichokijua ni mwangaluka mayu, salamu ya asubuhi, ambayo kila anayenunua maziwa sokoni Mpanda anaijua. Nikamsalimia nayo yule mama palepale, akafurahi, akanijibu maneno mengi mfululizo, nami nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa yote. Kiherehere kile bado nakisikia masikioni.

Kesho yake asubuhi tukaanza. Kijana akasema, "Hodi, mama." Mama hakujibu, alinitazama mimi tu. Nikajibu kwa niaba yake, "Karibu." Mpaka leo nikikumbuka neno lile nililolijibu kwenye nyumba ya mwenzangu, nashika uso.

Kijana akapaka mawese, akalainisha shingo, akashuka begani, kisha akaanza kuunyanyua mkono taratibu. Ulipofika usawa wa mbavu, mama akafumbua macho akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Yaya."

Nyumbani kwetu yaya ni dada mkubwa, yule aliyekubeba mgongoni mama akiwa shambani. Moyo wangu uliyeyuka. Mtu wa umri wa mama yangu ananiita dada!

"Anasemaje?" kijana akauliza.

"Ananiita dada," nikasema. "Endelea."

Akaendelea. "Yaya," mama akasema tena. Nikampapasa nywele, nikamwambia, "Niko hapa." Machozi yalimtoka pembeni ya macho, yakaingia kwenye viganja vyangu, nikaamini kwamba ni yale machozi aliyotufundisha Sista, ya mwili unaoachia uchungu wa siku nyingi. Wako wanaolia hivyo kweli. Mimi nilikuwa nimewaona wengi, basi nikajiona mjuzi.

Kila jioni tulikuwa na kikao. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, akaanza wa miguu, akafuata wa mikono, akafunga wa kichwa. Hukuruhusiwa kusema nilifanya hiki. Ulisema nilisikia hiki. Mama wa Karema alisema alisikia nyayo za baridi. Kijana alisema alisikia bega linamsukuma nje. Nami, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, nikasema nilisikia ananiita yaya. Wakacheka kwa furaha. Sista akasema, "Ameshakuamini huyo. Hapo ndipo kazi inapoanza." Siku nne zilipita hivyo. Siku ya pili na ya tatu alilisema mara nyingi. Siku ya nne hakulisema kabisa, alitazama dari, na nikawaambia wenzangu kwamba sasa ametulia.

Siku ya tano nilikuwa zamu ya kupokea maziwa. Muuzaji alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye baiskeli na madumu mawili. Nikamuuliza kama amebakiza lita moja zaidi.

"Yaya," akasema, akatikisa kichwa. "Yameisha."

Nilicheka. "Na wewe unaniita dada?"

"Dada gani? Yaya kwetu ni hapana."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake, akaniacha nimesimama na sufuria mlangoni. Nilihesabu. Nilijaribu kukumbuka ni mara ngapi, nikashindwa. Kila mara yule mama alimwambia mtu pekee aliyewekwa pale kumsikiliza, na mtu huyo akampapasa nywele akasema endelea.

Nilipoingia ndani, mama alikuwa ameketi kitandani na kifurushi chake kimefungwa. Bega lilikuwa limevimba mpaka shingoni, na mkono ambao alikuja nao ukifika mbavuni sasa haukutoka kiunoni. Sista alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alishatuma mtu Kakese kumwita mwanawe.

Kikao cha siku ile kilifanyika asubuhi, tukiwa tumesimama. Sista hakuwa mtu wa kufoka, ila siku ile sauti yake ilitetemeka. "Bega haliwi hivi kwa siku moja. Sasa nyie niambieni. Mwenyeji alikataa, hamkumsikia? Au hakusema?"

Swali halikuwa la miguu wala la mikono. Wote wawili walinitazama mimi, si kwa kunishuku, ila kwa utaratibu tu. Kichwa ndiye anayefunga. Nilikuwa nalijua jibu tangu dakika ishirini zilizopita, lilikuwa mdomoni. Sentensi moja tu ilihitajika. Nikaiona picha yangu nikitolewa kichwani, nikiwa yule Mfipa aliyejifanya anajua Kisukuma, watu wa Mpanda nzima wakinisalimia sokoni yaya, yaya.

"Hakusema kitu," nikasema.

Halafu kijana akaitazama mikono yake, akasema, "Basi ni mimi, Sista. Nililisikia bega linanisukuma, nikadhani litaachia. Labda mikono yangu ni mizito."

Hakuna aliyemshitaki. Alijishitaki mwenyewe, kwa sababu alikuwa na imani na kichwa chake: kama mwenyeji hakusema, na bega limeumia, basi kosa liko mikononi, litakuwa wapi tena? Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyempa namba ya uongo. Sista akampeleka kwenye maji na mashuka, akachemshe, afue, hadi atakapoona afanye nini naye. Mama wa Karema alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Sijui kama alijua. Hakusema, na mimi nilishukuru kwamba ni mtu wa kunyamaza, na kushukuru kule ni aibu nyingine.

Mwana alifika mchana na mke wake. Kitenge cha mama kilikuwa kimelegea alipokuwa anashuka ngazi, na kabla hatujageuza macho kilianza kuteleza. Mkamwana akawahi. Akamfunga pale uani, mbele yetu sote, akauzungusha ule upande wa pili na kuukaza kifuani, na mama akageuza uso kutazama ukuta mpaka ikaisha. Sista alimwomba mwana amtafsirie kwamba tunaomba radhi. Mama akajibu maneno mawili matatu. Mwana hakuyatafsiri, na safari hii hakuna aliyedai kujua.

Hakurudi. Niliambiwa baadaye kwamba walihama na ng'ombe kusogea bondeni, na zaidi ya hapo sikuuliza, ingawa kuuliza kulikuwa rahisi. Wasukuma wa maziwa walipita kila siku. Ningeweza hata kumfuata Kakese siku ileile, kwa miguu. Mficha uchi hazai, mama yangu alikuwa akisema, na mimi niliuficha.

Baada ya wiki mbili hivi nilipita kwenye kamba za kuanikia. Kijana alikuwa anakamua shuka, amelizungusha mpaka maji yanatiririka kwenye viwiko. Nilikuwa nimemkwepa siku zote zile. Aliponiona akaacha, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Dada, nikuulize kitu?"

"Uliza, kaka."

"Wewe ndiye uliyekuwa unauona uso wake. Wengine wananifariji tu, wewe utaniambia kweli." Akashusha sauti. "Mke wangu amejifungua juzi, mtoto wa kike. Wananiletea nimshike, nawaambia nina kazi. Naogopa. Mikono yangu ni mizito kweli?"

Pale hapakuwa na Sista wala kikao. Tulikuwa wawili na mashuka. Angelijua lile neno moja asingenipiga, asingenitukana; ninavyomfahamu, angecheka kwanza kwa ahueni, kisha labda angenisikitikia. Nilifungua mdomo.

"Wewe mshike taratibu tu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa dawa na kuelezwa namna ya kuitumia.

"Asante, dada," akasema, na akarudi kwenye shuka lake.