Semelle na freni ya Bruno

Mu quartier, mutaa yetu ya Nyakasanza, ukiuliza Jérôme, batu banakuangalia tu. Uliza "Semelle", hata mbuzi itakuonyesha nyumba.

Jina ilikuya hivi. Ya Jérôme (Ya, ao Yaya, njo kaka mukubwa) anabebaka samaki na kinga, baiskeli yake. Camion, lori ya samaki, inapanda kutoka Kasenyi ku ziwa, samaki inashushwa ku soko, yeye anafunga bassin, beseni ya samaki, kwa porte-bagage, ile chuma ya nyuma, anapelekea bamama benye kuuzisha mu ma-avenue. Sasa kinga yake haikuwa tena na freni, njo breki. Kwa kusimama, alikuwa anakanyaga pneu (tairi) ya mbele na kandambili yake ya kuume. Siku moja anatelemuka ku soko, mutoto wake Débora iko nyuma, kandambili inakatika. Kandambili inaenda kwayo, kinga inaenda kwayo, na bote babili banaingia mu bunga ya Mama Félicité, yenye anauzisha pale. Banatoka beupe, macho tu njo inaonekana. Mutu moja akapiga kelele: "Semelle imeisha!" Semelle, njo soli ya chini ya kiatu.

Basi. Jioni picha yake ilikuwa sticker mu group ya WhatsApp. Mi pia nilikuwa ninaituma kwa kila kitu: courant ya umeme inakatika, équipe yako inapigwa mabao tano, ex wako anaandika "uko?" Sticker ya Semelle.

Lakini kitu moja ilitushinda: yeye hakukasirika. Unamuita "Semelle!", anaitika "sawa." Mama Félicité anamutukana, "sawa." Mvua inamukuta njiani, "sawa." Kumutania mutu wa vile ni kama kupiga penalti na gardien mu goli haiko.

Iko vile tangu mudogo wake Bruno alikufa. Kinga ilikuwa ya bote babili: Jérôme anabeba, Bruno anatengeneza. Kila jioni Bruno anakaa chini na ile kinga, anakaza kable, anasugua, anasugua, siye tunamucheka: "Bruno, si umuoe tu!" Ugonjwa ya siku kidogo ikamubeba. Kisha pale, hakuna mwenye aligusa freni tena. Ikaregea pole pole, Ya Jérôme akaiangalia inaregea, akaweka mguu.

Kisha mambo ya bunga, Débora akakataa kupanda. Iko première primaire, darasa ya kwanza, na shule iko mbali. Asubui unaona baba anasukuma kinga, mutoto anatembea nyuma mbali kidogo, kama batu benye hawajuane. Mama yake, Dorothée, akamaliza maneno:

"Papa Débora, kama ile kitu haisimame na freni, hainibebee mutoto."

"Sawa."

Lakini ile siku akasukuma kinga mupaka kwa Vital, fundi wa kinga pa carrefour, ku njia panda. Vital akatoa patin, ile caoutchouc, kipande ya mupira yenye inafinya janti, chuma ya kuzunguka gurudumu. Caoutchouc ilishaisha, ilibakia chuma tu. Akaweka ya mupya, akakaza kable, bakainua gurudumu ya nyuma, bakazungusha, bakafinya. Tak! Ikasimama.

"Semelle, leo unabadirisha jina," Vital akasema. "Tutakuita Freni."

"Sawa."

Kesho yake, na bassin ya samaki nyuma, akafinya, kinga ikaendelea. Mguu tena. Akarudia kwa Vital, Vital akakaza. Ikateleza. Vital akakaza mupaka gurudumu ikakataa kuzunguka, akaregeza, ikateleza tena.

"Yaya, weye unanilogea kazi?" Vital akamuuliza.

Ya Jérôme akasukuma kinga, akarudia nyumbani.

Dorothée njo alipitisha kidole. Alikuwa anaosha bassin mu lupango, kiwanja ya nyumba, akagusa janti, akanusa.

"Eh! Papa Débora! Hii si mafuta ya samaki? Bassin inatonya kwa janti kila siku, patin itakamata nini hapa?"

Akakamata majivu ya mbabula, jiko ya makala, akasugua janti kama anasugua sufuria. Ya Jérôme akasimama anamuangalia.

"Njo ile Bruno alikuwa anafanya na majivu," akasema. "Mi nilifikiri anataka tu ing'ae."

Tangu matanga ya Bruno, hatukusikia maneno ya mingi vile kutoka kwa kinywa yake. Akachukua kitambaa, akamaliza upande ingine. Kisha akafunga kipande ya bidon, dumu ya plastiki, chini ya fasi ya bassin, mafuta isitonye tena. Uso yake ilikuwa ile ile.

Asubui Débora akasimama mbele ya kinga, mikono ku kiuno.

"Baba, leta kandambili."

"Ya nini?"

"Ya kuume. Nitaishika miye."

Akavua, akamupa. Mutoto akapanda, kandambili ku kifua. Ku soko, Mama Félicité akabaona banakuya, akavuta bunga yake nyuma. Kinga ikatelemuka mbio. Mguu mutupu ya Ya Jérôme ilibakia ku pédale. Akafinya. Kinga ikalia kidogo, ikasimama mbele ya meza.

Hakuna mwenye alipiga makofi. Ya Jérôme akageuka, akaangalia gurudumu ya nyuma kwa murefu.

"Imesimama," akasema.

Débora akamunyooshea kandambili.

"Shika tu. Tutachelewa," baba akasema.

Siku hizi kila jioni unamukuta chini, na majivu, anasugua. Hatumwambie "si umuoe tu." Lakini jina Semelle haikutoka, ulifikiria nini? Sticker nayo iko.

Na weye, balikuitaka nani, na jina ilikukamata siku gani? Andika hapa chini, usione haya. Siye tuko na mutu wa bunga.