Uzi wa Chini Unakatika

Watu wa Kakuma walikuwa wanasema ovaloki ya dada imezeeka, na mimi nilitaka sana iwe kweli. Mashine nitaitengeneza. Mashine naweza kuipigia kelele mpaka ikubali. Mimi si fundi wa kusomea. Nilianza na simu za watu huko Lodwar, nikaingia redio, nikaingia taa za sola, na kila kitu nilijifunza kwa kufungua, kuharibu kwanza, halafu kuangalia video. Kwa hivyo dada aliponipigia akasema uzi wa chini unakatika kila saa, nilibeba bisibisi zangu nikaenda.

Kwa wasiojua, ovaloki ni ile mashine ndogo ya kumaliza mshono kwa ndani. Inakata ukingo wa kitambaa na kuufunga kwa nyuzi nne hapo hapo, nguo isifumuke. Cherehani Kakuma ziko kila kona, lakini upande wetu ovaloki ilikuwa ya dada peke yake, na mafundi wengine walikuwa wanamletea nguo awamalizie. Hiyo mashine ndiyo ilinilea. Hiyo mashine ndiyo ilimzika mama vizuri. Ikimkataa dada, hana kingine.

Nilifika nikapata fujo. Mwalimu wa kwaya, Mkongo wa kule kambi ya wakimbizi, alikuwa amerudisha majoho. Waimbaji walikuwa wameinua mikono kanisani na mabega yakafunguka. Alikuwa anaongea pole pole, lakini akasema kwamba siku hizi huyu mama anashona ovyo. Kichwa yangu ikawaka. Nilimwambia kwamba dada alikuwa anashona wakati yeye bado anafungwa vifungo na mamake. Nilimwambia apeleke majoho yake yashonwe na mbuzi. Nilimwambia na mengine siwezi kuandika hapa.

"Petit, mdogo wangu, tulia," mwalimu akasema kwa Kiswahili cha Kongo. "Atukukuya kugomba. Nguo njo inapasuka."

Dada aliinamisha uso. Nilifikiri ni aibu ya mdomo wangu. Akapokea majoho, akaahidi atarudia kazi yote.

Nikaifungua ile ovaloki yote mpaka chini. Vumbi ya kwetu inaingia hata ndani ya yai, na dada alikuwa ameimwagia mafuta kila ikikwama, sasa vumbi na mafuta na nyuzinyuzi zilikuwa zimeshikana kama ugali. Nikasugua na mswaki wa zamani. Nikafuta kisu. Nikaweka sindano mpya, nikasukuma juu mpaka mwisho, kwa sababu sindano ikibaki chini kidogo mashine inaruka mshono. Nikarudisha vile vizungushio vinne vya kukaza uzi kwenye namba ya katikati. Halafu nikapitisha nyuzi: kwanza mkono wa juu, halafu mkono wa chini, ile mikono ya chuma ya kubeba uzi, sindano mwisho kabisa. Ukianza na sindano, uzi wa chini unanaswa na unakatika baada ya mshono kidogo tu. Hiyo kitu ilinisumbua siku nyingi kabla nijue.

Nikajaribu kwa kipande cha kitenge. Mshono ukatoka umenyooka kama nywele imesukwa na mtu mwenye subira. Niliita watu waone. Nilimwita hata jirani muuza mkaa, ambaye hajui chochote kuhusu mshono, akashika kile kipande akasema, "Ejok noi," yaani nzuri sana, akarudi kwa mkaa wake.

Asubuhi dada akabadilisha nyuzi ziende na rangi ya majoho. Uzi wa chini ukakatika.

Nikafungua tena. Nikapitisha nyuzi mwenyewe, ikashona vizuri. Nikaenda kutafuta chai, kurudi, dada amebadilisha rola ya uzi, na wa chini umekatika. Nikapiga meza teke. Nikaiambia hiyo mashine nitaiuza kama chuma ya kupimwa kwa kilo. Dada akaniambia nikae chini, ninatisha wateja. Ndio nikakaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza nikaacha kuangalia mashine, nikamwangalia yeye akipitisha nyuzi.

Uso wake ulisogea mpaka paji likagusa chuma. Akalamba uzi. Akaanza na sindano, kwa sababu sindano angeweza kuipata kwa kidole. Ule mkono wa chini akauacha mwisho, akaupapasa papasa huko ndani kama mtu anatafuta kiberiti kwa giza.

"Dada, sindano ni mwisho," nikamwambia. "Fuata tu zile alama za rangi kwa kifuniko."

"Rangi zilifutika kitambo."

Nikaangalia. Nyekundu, bluu, kijani, manjano. Zilikuwa hapo zote, mpya kama siku ile ilitolewa kwa boksi.

Nikauliza kibano kiko wapi, kile kidogo cha kuvutia uzi, maana kwa sanduku ya mashine hakikuwepo. Akakitoa kifuani. Alikuwa amekining'iniza kwa kamba pamoja na shanga. Hivyo ndivyo mama alikuwa anavaa chake kule kijijini kwetu Lowarengak. Ni ugonjwa wa macho wa kwetu: kope zikigeuka zikaingia ndani, zinakwaruza jicho usiku na mchana, na unazing'oa moja moja, na zinaota tena zikiwa ngumu zaidi. Mama aling'oa mpaka akawa anaongozwa kwa fimbo. Na kwa ncha ya hicho kibano cha ovaloki kulikuwa na kope.

"Tangu lini?"

"Usipige kelele."

"Sijapiga kelele. Tangu lini?"

"Kabla mama azikwe." Akafuta kibano kwa kanga. "Na ningesema, nani angeniletea nguo?"

Nilitoka nje nikatafuta mtu wa kupigana naye, nikakosa. Vumbi, nzi, jua, utapiga ngumi gani? Majoho nikamaliza mimi, nikampelekea yule mwalimu bila kumwangalia usoni.

Dada nilimpeleka hospitali Lodwar. Daktari alikuwa mpole. Akasema kope zinaweza kugeuzwa kwa upasuaji mdogo, maumivu yaishe, lakini kovu limeshaingia kwa kioo cha jicho, na jicho la kulia halitaona tena. La kushoto litabaki na ukungu. Dada aliuliza swali moja tu, kama ataona tundu la sindano. Daktari akamwambia hapana.

Wakamfanyia. Akapona zile kope, tukarudi Kakuma. Nilikuwa nimepanga kila kitu: mimi nitapitisha nyuzi asubuhi, yeye atashona tu, mikono yake inajua njia. Akakaa, akakanyaga. Mara kisu kikapita ndani ya mkono wa gauni ya mtoto wa jirani. Cherehani ikikosea unafumua. Ovaloki ikikata, imekata. Dada alipapasa gauni mpaka kidole chake kikaingia kwa ile nafasi, kikakaa hapo. Halafu akatoa mguu, akasimama.

"Kaa," akaniambia.

"Sikai. Hiyo ni kiti yako."

"Kaa. Watu wanangoja nguo."

Nikakaa. Alisimama nyuma yangu, mkono moja juu ya meza, na mimi nilikuwa nashona mbio mbio, nataka tu hiyo nguo iishe niende nje.

"Punguza mguu," akasema. "Nasikia uzi unalia."

Nikapunguza.