Chupa Yangu ya Siku Sita

Mimi ndiye niliyeharakisha. Daktari alisema wazi: wifi yangu alitoka damu nyingi alipojifungua mara ya kwanza, kwa hiyo safari hii ndugu wakae karibu, watoe damu siku yenyewe. Tuliopimwa damu zetu zikapatana na yake tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Kaka, mume wake, alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, na damu yake haikufaa hata hivyo.

Sasa baba ni mkwe wake. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Baba akikohoa njiani, wifi anaingia migombani mpaka apite. Hata neno linalofanana na jina lake halitamki, anatafuta lingine. Nikaona, kwa nini tufike mpaka kwa damu ya baba? Nilikuwa likizo kutoka shule Iringa, nina nguvu, nimesoma. Jumatatu nikaenda hospitali pale Mbeya, nikamsumbua fundi wa maabara mpaka akanitoa chupa moja akaiweka kwenye friji. Nikarudi nikamwambia mama, "Shughuli imekwisha. Baba apumzike."

Jumapili asubuhi, pale pale hospitali, wifi akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Halafu damu ikaanza.

Chupa yangu ikatundikwa. Niliitazama ikishuka tone kwa tone, nikajisikia mtu mkubwa. Midomo ya wifi iliyokuwa ya kijivu ikarudiwa na rangi kidogo. Lakini damu haikukata. Ilitoka nyepesi kama maji ya kuoshea nyama, haigandi. Nesi akabadilisha kitambaa, akabadilisha tena. Daktari akasema anataka damu mpya, inayotoka mtu sasa hivi.

Nikanyoosha mkono. "Wewe hapana," akasema. "Hujamaliza hata wiki. Yule mwingine yuko wapi?"

Yule mwingine alikuwa nje ya uzio, amegeuzia wodi mgongo kwa heshima. Nilimweleza haraka haraka. Mama, aliyekuwa kando yake, akanikatiza.

"Damu yake iingie kwa mkwewe? Unajua unachosema, au ndiyo Iringa wanavyowafundisha?"

"Mama, anakufa."

Baba akaanza kukunja mkono wa shati. "Tumekatazwa kuonana," akamwambia mama. "Hiyo chupa ina macho?"

Damu ya baba ilipokuwa inajaa kwenye chupa, fundi alichukua tone lake akalipima na la wifi. Nilisimama nyuma yake nikimhimiza. Akaniambia, "Msomi, njoo uone badala ya kunipumulia shingoni." Alikuwa amebakiza damu yangu kidogo. Akaiweka chini ya darubini.

Niliona chembe nyekundu, nyingi, nzuri tu. Katikati yake vidude vichache, vimevimba, vyeupe, kila kimoja kinaelea peke yake.

"Hizo ndizo chembe za kugandisha," akasema. "Zako. Nyekundu zinavumilia baridi, wiki hata mbili. Hizi hapana. Kwenye friji zinavimba, zinakuwa mviringo, zinasahau kushikana. Siku ya pili, ya tatu, nyingi zimekufa. Ulidhani damu ni maharage, ukiyaweka kihengeni yanangoja masika?"

Kwa kweli ndivyo nilivyodhani.

Akabadilisha kioo. Hii ilikuwa ya baba. Punje ndogo ndogo zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu, zimetoa miiba midogo, kila moja imeng'ang'ania mwenzake. Hazikungoja kuambiwa. Zilikuwa nje ya mwili wa mzee yule kwa dakika chache tu na tayari zilikuwa zinatafuta pa kuziba. Nilisahau haraka yangu yote. Nilikuwa nimetembea na vitu hivyo tangu kuzaliwa, sijawahi kuvishukuru.

Nesi alipoingiza chupa, ingali na joto la mwili, wifi alifungua macho. "Ya nani?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. "Ya baba," nikasema.

Hakukataa. Mkono wake ulitafuta kanga pole pole, akaivuta mpaka ikamfunika uso. Akalala hivyo, chini ya chupa, kama mtu aliyejificha migombani. Nesi akataka kuifunua aone rangi ya midomo. Nikamwomba aangalie viganja. Alinitazama, akaangalia viganja.

Kitambaa cha kwanza kikaloa. Cha pili kikakawia kuloa. Cha tatu nesi akakigeuza karibu na dirisha: donge jeusi, zito, limeshika. Akamwonyesha daktari.

Nikatoka. Baba alikuwa kwenye nyasi, pamba mkononi.

"Imekata," nikamwambia.

Hakumuulizia mkwewe, maana jina lake naye hawezi kulitaja. Aliinua ule mkono akautazama, mbele na nyuma, muda mrefu, kama mkono alioazimwa.