Dakika Tatu za Sista Masikio

Katika wodi ya wanawake palikuwa na muuguzi mmoja ambaye jina lake halisi lilibaki kwenye kibandiko cha kifuani tu. Kuanzia wafagizi hadi madaktari, wote walimwita Sista Masikio. Masikio yenyewe yalikuwa ya kawaida, tena moja halikuwa na hereni, kwa sababu ilidondokea kwenye beseni la kuogeshea wagonjwa na hakuna aliyejitolea kuitafuta. Aliitwa hivyo kwa kuwa watu walimwambia mambo yao bila kuulizwa. Alijaliwa uso ambao mtu akiuona tu, anakumbuka jinsi kaka yake alivyomdhulumu shamba.

Akitandika kitanda, mgonjwa anamsimulia mume wa pili. Akibadilisha dripu, anasimuliwa mume wa kwanza, ambaye sasa imeonekana alikuwa na nafuu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sawa, lakini wahenga hawakuwahi kushika zamu ya asubuhi katika wodi ile. Makanda ya usufi yakirundikwa kutwa juu ya mtu mmoja, mgongo unavunjika vilevile.

Kwa hiyo alijitengenezea jibu moja la kutosha kila shida: "Pole mama, itapita. Kunywa maji mengi." Lilifaa kwa homa, kwa wifi mkorofi na kwa nyumba inayovuja. Na pumziko lake lilikuwa kipimajoto. Hospitali ile bado ilitumia vile vya kioo, vya kuweka chini ya ulimi, na mtu mwenye kioo chini ya ulimi hasemi. Dakika tatu nzima hasemi. Wagonjwa wa Sista Masikio walipimwa joto mara nyingi kuliko wagonjwa wowote pale, na daktari akamsifu mbele ya wenzake kwa umakini wake.

Angeendelea hivyo mpaka kustaafu kama si bintiye, mwanawe wa pekee. Jioni moja mama huyu alikuwa jikoni akimenya vitunguu, kichwa kinavuma maneno ya watu. Binti akaja, akaegemea mlango.

"Mama, kuna mtu anataka kuja kunichumbia."

"Pole mama, itapita," akajibu bila kugeuka. "Kunywa maji mengi."

Alipogeuka kuchukua chumvi, mlangoni hapakuwa na mtu. Ndipo masikio yake yakasikia kile mdomo wake ulichosema, na kisu kikamponyoka. Akamfuata binti, akaomba radhi. Siku ya pili akaomba tena, kwa urefu zaidi. Kila binti alipofungua kinywa, mama alikuwa tayari na pole nyingine pamoja na maelezo ya uchovu wake.

"Hakuna neno, mama," binti akasema kwa adabu. "Umechoka. Tutaongea siku nyingine."

Adabu ile ilimkata maini kuliko matusi. Binti aliendelea kumsalimia na kumpakulia chakula, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mganga hajigangi, inajulikana, lakini hata mganga humsikia mwanawe akikohoa.

Mama mtu akaamua kuhama wodi. Alitaka kwenda thieta, chumba cha upasuaji, ambako wagonjwa hulazwa usingizi.

"Kule mtu anafika amelala," alimwambia mfamasia dirishani. "Akitoka hana kisa, ana mshono. Nitarudi nyumbani na masikio mapya, nimsikilize mwanangu."

"Basi si uende kwa Matroni ukaseme?"

Kusema ndiko kulikokuwa na kazi. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mama mrefu aliyekaribia kustaafu, na viatu vyake vikisikika koridoni hata wagonjwa walikaa sawa. Hakuna aliyekwenda ofisini kwake kwa hiari. Sista Masikio akajikaza, akabisha hodi, akakalishwa.

"Matroni, nimekuja na ombi."

"Sema, mdogo wangu," akajibu Matroni, kisha akamwangalia usoni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Hivi wewe una mtoto wa kiume? Mimi ninaye. Ananipigia simu akitaka kujua wali unapikwaje ukakaa vizuri. Nikimwambia, anakata."

Sista Masikio alitoka akijua habari zote za mtoto yule, za goti la kushoto la Matroni na za jirani anayeanika nguo kwenye kamba isiyo yake. Ombi lake alikuwa bado nalo mdomoni.

Safari ya pili alifanya mazoezi kwanza katika chumba cha mashuka. Mashuka yalimsikiliza vizuri sana. Ofisini, kabla hajamaliza salamu, Matroni alikuwa amefika kwenye kisa cha mkwewe, na alipofika kwa mkwewe akalia, akamshika mgeni wake mkono.

"Pole Matroni, itapita," Sista Masikio akajisikia akisema. "Kunywa maji mengi."

Matroni akanywa.

Siku hiyo alipanda ngazi za wodini akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Mtu mzima, amezalisha wanawake gizani umeme ukiwa umekatika, anashindwa kusema sentensi moja. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, akakutana na kipimajoto.

Kesho yake alirudi ofisini, akabaki amesimama.

"Matroni, macho yako mekundu. Hebu nikupime joto kwanza."

Watu wa hospitali wakiambiwa fungua mdomo hufungua, hata wakubwa wao. Kioo kikaingia chini ya ulimi. Matroni akaanza kuguna jambo.

"Usiongee, kitasoma vibaya," akasema Sista Masikio, kisha maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. "Nataka kuhamia thieta. Nimewasikiliza watu mpaka nimejaa, na wewe ukiwemo, unisamehe. Mwanangu wa kumzaa ameniambia anataka kuchumbiwa, nikamwambia anywe maji. Sasa hasemi na mimi. Tunakaa nyumba moja kama wapangaji. Naogopa ataolewa aondoke, na mimi sijasikia neno lake hata moja."

Matroni akanyanyua mkono akitoe kile kioo.

"Bado," akaambiwa, naye akashusha mkono. Dakika tatu zilikuwa zimepita zamani, ila hakuna aliyeangalia saa.

Mwishowe Sista Masikio akakitoa, akakisoma, akakifuta.

"Ngapi?" akauliza Matroni.

"Huna homa."

"Najua sina homa. Nimeanza kuuguza watu kabla hicho kipimajoto hakijatengenezwa." Akavuta daftari la zamu, akalipekua. "Nafasi thieta ipo. Utaanza Jumatatu. Ila ujue yule daktari wa upasuaji naye anaongea tangu kisu cha kwanza hadi uzi wa mwisho, na huwezi kumpima joto, amevaa barakoa."

Sista Masikio akatamani kucheka, akashindwa.

"Na huyo kijana wa binti yako anaitwa nani?"

"Sijui."

"Anafanya kazi gani?"

"Sijui, Matroni. Kila nikimwendea namwomba radhi."

"Ndiyo hivyo. Unaomba wewe, unajibu wewe." Matroni akajipapasa mdomo. "Mimi hapa ningekukatiza mara kumi. Hicho kioo kimenizuia, na sijafa."

Jioni ile mama mtu hakuingia jikoni. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha binti, akabisha, akaketi ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazi. Binti akafunga kitabu, uso umejaa adabu.

"Mama, kama ni yale, mimi nilishasamehe."

Mama alikuwa na pole tayari ulimini, tena nzuri. Badala ya kuitoa, alichomoa kipimajoto mfukoni, akakiweka chini ya ulimi wake mwenyewe, akafumba mdomo. Kisha akamwashiria binti kwa mkono: sema.

Binti akamtazama, akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. Kicheko kilipoisha akaanza kuchezea ncha ya shuka.

"Ni fundi wa mafriji," akasema. "Ni mtu mzuri, mama. Ila naogopa. Nikiondoka utabaki na nani?"

Macho ya mama yakajaa maji. Kipimajoto hakukitoa. Binti akaendelea, mwanzo kwa kusitasita, halafu kwa mkupuo, mpaka akajikuta anatazama saa ya ukutani.

"Mama, dakika tatu zimeisha."

Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa kidole aendelee.